Watu wazima kwenye shule za sekondari: historia ya masomo yaliyokatika katika Lubudi na Kolwezi

Lubudi, jimbo la Lualaba. Kila Septemba shule zinapofunguliwa, wazazi wanapanga mstari mbele ya ofisi za maprefe, biletini za watoto mikononi. Katikati yao wanakuja pia watu wachache ambao hawakuleta mtoto. Wanataka kuandikishwa wao wenyewe. Mmoja alikomea mwaka wa tatu wa sekondari, mwingine alimaliza shule ya msingi tu, mwingine alifika karibu kabisa na diplome akashindwa kulipa. Jambo la kwanza wanaloulizwa ni umri. La pili ni karatasi za shule walikotoka.

Swali la umri linamfanya mtu aonekane kama amechelewa kwa uvivu wake. Lakini tukihesabu miaka kurudi nyuma, tunakuta kwamba katika nchi hii ya shaba watu wengi walikatiwa masomo na mambo ambayo tarehe zake zinajulikana. Kwa familia zilizohama, na kwa wale wanaosikiliza wakiwa bado na hamu ya kurudi darasani, ni vizuri historia hiyo ijulikane.

Shule ya kuandaa wafanyakazi

Mwaka 1906 mambo matatu yalifanyika ambayo yaliamua maisha ya Katanga kwa muda mrefu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Kampuni ya reli ya BCK ikaundwa pia. Na Serikali ya mfalme Leopold II ilipatana na Vatikani kwamba wamisionari Wakatoliki wapewe ardhi, nao wafungue shule. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na Lubudi ikawa kituo cha njia hiyo. Baadaye kiwanda cha saruji kikawa ndicho mwajiri mkubwa wa mahali hapa.

Kwenye kambi za Union Minière, shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari Wabenedikto. Mtoto wa kiume alifundishwa kusoma, kuandika, hesabu na dini, kisha njia yake ilielekea karakana. Mtoto wa kike alifundishwa kushona na kutunza nyumba. Shule iliandaa fundi mzuri na mke wa fundi. Haikumwandaa mganga, mwanasheria wala mhandisi.

Programu ya sekondari kamili kwa watoto weusi ilitoka mwaka 1948 tu. Mwaka 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alifungua shule za Serikali zisizo za misheni, na mwaka 1956 chuo kikuu kikafunguliwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Chukua mtoto aliyezaliwa Lubudi mwaka 1930. Programu ya 1948 ilipotangazwa alikuwa na miaka 18, yuko kazini, pengine ameshaoa. Sekondari ilimkuta akiwa mtu mzima.

Ndiyo sababu wanafunzi watu wazima wa kwanza katika Kongo walikuwa makarani na wafanyakazi waliosoma jioni baada ya kazi, au waliopokea masomo kwa posta. Patrice Lumumba, aliyezaliwa mwaka 1925, hakumaliza sekondari. Alifuata mafunzo ya posta mjini Léopoldville mwaka 1947, akawa karani Stanleyville, na elimu nyingine aliitafuta mwenyewe katika vitabu na masomo ya kutumiwa kwa barua. Waziri mkuu wa kwanza wa nchi alikuwa mtu aliyejisomea.

Diplome moja kwa nchi nzima

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na digrii ya chuo kikuu hawakufika 30. Wabelgiji wengi waliondoka na ofisi zikabaki wazi. Kila karani aliona kwamba karatasi ya shule ndiyo itakayomtofautisha na mwenzake. Sekondari zikaongezeka haraka, walimu wakaletwa kutoka nchi za nje, wengine kutoka Haiti.

Mwaka 1967 ulianza Mtihani wa Serikali, ule ambao watu wote leo wanauita Exetat. Tangu hapo diplome ya Kolwezi na ile ya Kinshasa zina uzito mmoja, kwa sababu maswali yanatoka mahali pamoja. Kwa mtu mzima jambo hili lilikuwa kubwa. Kama kinachopimwa ni mtihani, basi hata aliyejisomea nyumbani anaweza kupimwa.

Shule zenyewe zilibadilishwa wenyewe mara mbili. Desemba 1974 utawala wa Mobutu ulizichukua shule za makanisa, na Februari 1977 ukazirudisha kwa mkataba. Kutoka hapo shule nyingi za umma katika Lubudi na Kolwezi ni za mkataba: za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu na wengine. Kanisa linaziongoza, lakini ni shule za umma.

Tarehe zilizokata masomo

Mwaka huohuo wa 1977, mwezi wa Machi, vita viliingia Shaba kutoka Angola. Vikarudi mwaka uliofuata: tarehe 13 Mei 1978 Kolwezi ilitekwa, mwaka wa masomo ukiwa bado haujaisha. Familia zilikimbia na watoto, na si watoto wote waliorudi kwenye benchi.

Pigo la pili lilitoka chini ya ardhi. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, ambayo mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Gécamines haikuwa mshahara tu. Ilikuwa na shule, hospitali na mfuko wa unga kila mwezi. Ilipoanguka, mtoto wa mfanyakazi alipoteza vyote kwa pamoja.

Katika miaka ileile, 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga. Mamia ya maelfu waliondoka. Wengi walilala kwenye vituo vya gari la moshi kwa wiki na miezi wakingoja behewa, kisha wakapanda kuelekea Kasai kwa reli inayopita Tenke, Lubudi na Kamina. Wengine walikufa njiani. Kati ya waliofukuzwa walikuwamo walimu na wanafunzi. Mtoto aliyekuwa mwaka wa kwanza wa sekondari mwaka 1993, akiwa na miaka 13, leo amepita 40. Akienda kujiandikisha anaitwa mtu mzima aliyechelewa, lakini siku masomo yake yalipokatika alikuwa mtoto.

Serikali ilipoacha kuwalipa walimu vizuri, wazazi walianza kuwalipa wenyewe kwa fedha zilizoitwa prime. Nyumba yenye watoto sita ililazimika kuchagua wawili au watatu wa kusoma, na mara nyingi wasichana ndio waliobaki nyumbani. Mwaka 2003 na 2004, Gécamines iliwaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Watoto wengi wa nyumba hizo walishika koleo na mfuko, wakaenda kuchimba kwa mikono.

Kisha upande wa Mitwaba, Manono na Pweto, vita vya Mai-Mai viliwahamisha watu zaidi ya 100,000 mpaka mwaka 2006. Waliokimbilia msituni na kwenye visiwa vya ziwa Upemba hawakubeba biletini. Walibeba watoto wadogo na sufuria.

Milango iliyopo leo

Katiba ya mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya elimu ya shule. Kifungu cha 44 kinasema kuondoa ujinga wa kusoma na kuandika ni wajibu wa taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataja shule ya kawaida na pia elimu isiyo ya kawaida, ambamo watu wazima wamo. Lakini bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Sekondari inalipiwa. Mtu mzima anayetaka kuingia sekondari analipa minerval yake pamoja na ya watoto wake.

Kwa aliyekomea sekondari, mlango wa kwanza ni shule yenyewe ya umma. Pale penye zamu mbili, zamu ya mchana inamfaa mtu anayefanya kazi asubuhi. Hapo uamuzi unamtegemea sana prefe. Yuko anayempokea mama wa watoto wanne, akamweka nyuma ya darasa na kuwaambia vijana wamheshimu. Yuko pia anayeogopa nidhamu itaharibika.

Mlango wa pili ni wa waliojisomea, wanaoitwa autodidakta. Mtu anajiandaa mwenyewe, anapeleka faili yake kwa wakaguzi wa shule, anafanya mtihani wa kwanza wa kuchuja, akifaulu anakaa Exetat pamoja na wanafunzi wa kawaida. Mlango huu hauna benchi la kila siku, lakini hauna mwalimu pia. Wengi wanaanguka si kwa kukosa akili, ila kwa kukosa mtu wa kuwaeleza hesabu na Kifaransa.

Mlango wa tatu ni wa wasiomaliza msingi. Kuna vituo vya kufidia masomo, vinavyokusanya miaka sita ya msingi katika miaka mitatu, ila vilifikiriwa hasa kwa watoto waliopita umri wa kuanza shule. Mtu mzima anaelekezwa kwenye kituo cha kusoma na kuandika au kwenye mafunzo ya ufundi, kama yale ya INPP, iliyoundwa mwaka 1964. Hizo ni kazi nzuri. Lakini anayetaka diplome akipelekwa kushona au kuchomelea vyuma, anarudishiwa ileile shule ya kambi: fundi na mke wa fundi.

Majirani walivyofanya

Tanzania, Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Huko mtu ambaye hakupita sekondari anaweza kufanya mtihani wa maarifa, unaoitwa QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Novemba 2021 Serikali ya nchi hiyo iliruhusu pia wasichana waliokatizwa masomo kwa mimba warudi kwenye shule za umma.

Kenya inajulikana kwa mzee Kimani Maruge. Mwaka 2003 Serikali ilitangaza shule ya msingi bure, na Januari 2004 yeye, akiwa na miaka 84, akavaa yunifomu akajiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Wazazi wengine walinung'unika, mwalimu mkuu akamtetea. Fujo za baada ya uchaguzi zilipomwondoa nyumbani mwanzoni mwa 2008, aliishi katika kambi ya waliohama, naye aliendelea kwenda shule. Baadaye alihamia Nairobi akajiandikisha tena huko. Alifariki Agosti 2009, akiwa bado mwanafunzi.

Shule ile ilimpokea kwa sababu tangazo la bure halikuweka kikomo cha umri, na kwa sababu mwalimu mkuu alikubali kulisoma lilivyoandikwa.

Karatasi

Kwa familia zilizohama, umri ni kizuizi kimoja. Kizuizi kikubwa zaidi ni karatasi. Prefe anaomba biletini za miaka iliyopita, na shule aliyosomea mtu pengine iliungua, ilihama jina, au iko mahali pasipofikika. Bila biletini, mtu aliyefika mwaka wa nne anaambiwa aanze mwaka wa kwanza, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa.

Lakini si kila kilichopotea nyumbani kimepotea kila mahali. Matokeo ya mitihani ya mwisho wa msingi na ya Exetat yanawekwa na wakaguzi, na palmaresi za zamani zina majina. Anayekumbuka jina la shule, mwaka na namba ya darasa anaweza kuomba atafutiwe. Anayeona hatari inakaribia afunge biletini za watoto pamoja na karatasi za kuzaliwa, ndani ya plastiki, na nakala nyingine aiache kwa ndugu wa mji mwingine.

Wakuu wa elimu nao wana sehemu yao. Kumpima mtu kwa mtihani mfupi ili ajulikane yuko mwaka gani si jambo gumu, na linamwokolea miaka mitatu au minne. Mwenye miaka 40 hana miaka minne ya kupoteza.

Siku matokeo ya Exetat yanapotoka, vijana wa Lubudi na Kolwezi wanamwagiana poda nyeupe kichwani na kupita barabarani wakiimba. Palmaresi inataja jina la mtu na asilimia aliyopata. Haiulizi alizaliwa mwaka gani.