Historia ya jeshi la Warumi: Pata vitabu bure kwenye simu yako

Uko Mbagala au Tegeta, unapenda historia ya vita vya Warumi, ila bei ya vitabu inakukatisha tamaa? Kabla hujamtumia mtu hela ya PDF kwenye WhatsApp, jua kwamba vile vya msingi ni bure na ni halali. Tafsiri zake ni za zamani, hakimiliki zimeisha.

Ingia gutenberg.org. Hakuna malipo wala kujisajili. Tafuta hivi:

• De Bello Gallico: Wengi tunamjua Julius Caesar kupitia tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Hapa Caesar mwenyewe anasimulia vita vyake vya Gaul, Ufaransa ya leo, kuanzia mwaka 58 KK.

• The Wars of the Jews: Josephus alipigana na Warumi, akatekwa, kisha akashuhudia Yerusalemu ikianguka mwaka 70 BK. Kitabu cha tatu kinaeleza kambi, silaha na mazoezi yao.

Kuokoa bando, chagua EPUB isiyo na picha. Haifiki hata MB 2. Utahitaji programu ya kusomea EPUB, na kamusi pia, maana Kiingereza chake ni cha kizamani. Ukishapakua, unasoma hata bando likiisha.