Udahili wa vyuo vikuu mkoani Morogoro

Udahili wa vyuo vikuu mkoani Morogoro hufuata kanuni zinazotumika kote Tanzania chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Mwombaji huchaguliwa kwa alama zake za mtihani. Haombwi insha ya kujieleza kama ilivyo desturi ya vyuo vingi vya Marekani. Hata hivyo uandishi una sehemu kubwa katika kuamua nani anaingia chuoni, kwa kuwa karibu mitihani yote inayotoa alama hizo hujibiwa kwa Kiingereza, na nafasi ya kujifunza kuandika lugha hiyo si sawa kwa tajiri na maskini.

Vyuo vikuu vya mkoa ni pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984, Chuo Kikuu Mzumbe, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2001, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005.

Historia

Alama hazikutosha siku zote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilizuia wahitimu wa kidato cha sita kwenda chuo kikuu moja kwa moja: ilibidi kwanza wamalize Jeshi la Kujenga Taifa, wafanye kazi kwa miaka 2, na wapate maoni mazuri ya mwajiri na ya tawi la chama cha TANU. Lengo lilikuwa kuzuia elimu isizae tabaka la wasomi waliojitenga na wananchi. Wanawake walisamehewa sharti hilo baadaye kwa sababu idadi yao chuoni ilipungua, na katika miaka ya 1980 utaratibu wenyewe uliachwa.

Kuanzia mwaka 2010 TCU iliendesha mfumo mmoja wa udahili kwa nchi nzima. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni.

Lugha ya mtihani

Kwa kawaida mhitimu wa kidato cha sita anahitaji ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Kwa mtazamo wa kwanza kipimo hiki hakina upendeleo: msahihishaji hamjui mtahiniwa wala wazazi wake.

Tofauti huanza mapema zaidi. Katika vijiji vya Milima ya Uluguru, kama vile Kinole, Matombo na Mgeta, watoto wengi hukua wakisikia Kiluguru na Kiswahili. Shule ya msingi ya serikali huwafundisha kwa Kiswahili. Wakifika kidato cha kwanza, mara nyingi katika shule ya kata, masomo karibu yote hubadilika kuwa ya Kiingereza. Mwenzao wa mjini aliyelipiwa shule ya mchepuo wa Kiingereza ameshaandika lugha hiyo kwa miaka. Mmomonyoko wa udongo, ambao mtoto wa Mgeta huuona kila masika shambani kwao, humpa alama tu akiweza kuueleza kwa Kiingereza. Asiyeweza hukariri majibu.

Shule za vipaji maalumu za Mzumbe (wavulana) na Kilakala (wasichana) ziko mkoani humohumo, lakini huchukua wanafunzi wenye ufaulu wa juu kutoka nchi nzima.

Uhamisho na njia nyingine

Mwanafunzi aliyekwisha kudahiliwa anaweza kuomba kuhamia chuo kingine katika muda uliopangwa, iwapo kuna nafasi na ana sifa za kozi anayoitaka. Haandiki insha ya kujitetea. Alama za zamani humfuata. Asiyekuwa na pointi za kutosha anaweza kupitia stashahada, au programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Njia hizi ni ndefu na zina ada zake, kwa hiyo anayechelewa kwa sababu ya umaskini hulipia pia kuchelewa huko.

Mikopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutaka hali ya familia ithibitishwe kwa maandishi. Mwombaji hujaza fomu mtandaoni, huambatisha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na yatima huongeza vyeti vya vifo vya wazazi. Familia ambayo haikuwahi kuandikisha kizazi wala kifo, jambo la kawaida vijijini, hulazimika kuanza na vyeti hivyo kabla ya kuomba.

Ulinganisho na Marekani

Nchini Marekani waombaji wa vyuo vingi, wakiwemo wanaohama kutoka chuo kimoja hadi kingine, huandika insha kuhusu maisha na malengo yao. Insha hutetewa kuwa humwonyesha mtu nyuma ya alama. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science Advances, uliochambua maombi 60,000 ya Chuo Kikuu cha California, uligundua kwamba maudhui ya insha yalihusiana na kipato cha familia kwa nguvu zaidi kuliko alama za mtihani wa SAT.