Gharama Kamili kwa Maili

Mmiliki wa lori anayeliendesha mwenyewe kule Marekani hupigiwa simu na dalali wa mizigo na kutajiwa kiasi: dola 2.50 kwa maili. Ana dakika chache za kukubali au kukataa, kabla mzigo haujachukuliwa na mwingine. Ili ajibu, anahitaji kujua kiasi kingine ambacho dalali hana: fedha zinazomtoka kwa kila maili ambayo lori lake linatembea. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili, kutoka Kenya, Kongo na Tanzania, wako katika kazi hiyo leo, na hesabu yao hufanywa kwa maneno ya Kiingereza hata pale mazungumzo mengine yote yanapokuwa ya Kiswahili. Inafaa tuipatie jina linaloeleza kazi yake.

Tafsiri inayokuja upesi ni "gharama za uendeshaji kwa maili". Kwa mhasibu haina kasoro, maana tunasema uendeshaji wa shule na uendeshaji wa hospitali. Lakini mtaje dereva uendeshaji, naye anaona usukani. Atahesabu dizeli, matairi, oili na tozo za barabara, kisha atasimama hapo. Mkopo wa lori, bima, kodi ya tela na ada za leseni vitabaki nje ya hesabu, ingawa hudaiwa hata lori likilala uani mwezi mzima. Ndiyo maana naona "gharama kamili kwa maili" ni istilahi bora. Ndani yake kuna mafungu mawili: gharama za kudumu, zinazodaiwa gari litembee lisitembee, na gharama za mwendo, zinazoongezeka kadiri magurudumu yanavyozunguka.

Gharama za kudumu si ndogo. Sheria ya shirikisho inamtaka msafirishaji wa mizigo ya kawaida kati ya majimbo awe na bima ya dhima isiyopungua dola 750,000, na mwenye kibali kipya cha usafirishaji hutozwa ada ya bima kubwa kuliko mkongwe. Lori linalozidi uzito wa pauni 75,000 hulipiwa kodi ya magari mazito ya dola 550 kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa mezani. Gharama za kudumu ni dola 4,500 kwa mwezi, na lori linatembea maili 9,000. Kila maili inabeba senti 50. Injini ikiharibika na maili zikashuka hadi 6,000, kila maili itabeba senti 75, ingawa hakuna bei hata moja iliyopanda. Kwa upande wa mwendo, dizeli ikiuzwa dola 3.90 kwa galoni na lori likienda maili 6.5 kwa galoni, mafuta ni senti 60 kwa maili. Matairi, oili na akiba ya matengenezo tuyape senti 25. Jumla ni dola 1.35.

Wengi huishia hapo, wakiamini kinachobaki ni faida. Sikubaliani nao kabisa. Dereva huyu angeajiriwa na kampuni angelipwa mshahara, hivyo jasho lake ni gharama kama ilivyo dizeli. Tukimlipa senti 65 kwa maili, gharama kamili inafika dola 2.00, na faida ya biashara inaanzia juu ya hapo. Asipojilipa, lori linaonekana linaingiza fedha kumbe linakula usiku wake wa kulala barabarani.

Upande wa pili wa mizani tuna neno zuri tayari: nauli. Ni neno la vyombo vya baharini lililotujia kwa Kiarabu, nalo lilihusu malipo ya shehena sawasawa na ya abiria. Basi na daladala ndizo zilizolibana likabaki la abiria peke yake. Anachotaja dalali ni nauli kwa maili. Kati ya mwaka 1935 na 1980 nauli nyingi za malori Marekani zilisimamiwa na tume ya shirikisho; sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1980 ililegeza usimamizi huo, na tangu hapo mwenye lori moja na mwenye malori elfu wanashindania soko moja.

Nauli hulipwa kwa maili zenye mzigo. Gharama hutoka kwa maili zote. Tofauti kati ya maili hizo ni maili tupu, na madereva wetu husema hivyohivyo, "natembea tupu". Nimesikia pia "maili za bure", na neno hilo ningependa liachwe, kwa kuwa hazina chochote cha bure. Turudi kwenye mfano: mzigo wa maili 800 kwa dola 2.50 ni dola 2,000. Kuufuata ulipo ni maili 150 tupu, na baada ya kuushusha kuna maili 250 tupu hadi mzigo unaofuata. Maili zote ni 1,200, na nauli halisi imeshuka hadi dola 1.67. Kwa gharama ya dola 2.00, safari iliyosikika tamu kwenye simu imekula hasara ya dola 400.

Florida inajulikana kwa jambo hili. Jimbo hilo hupokea bidhaa nyingi kuliko linazotoa, kwa hiyo nauli ya kuingia huwa nono na ya kutoka nyembamba. Wapo wanaovuka hadi Georgia tupu kutafuta mzigo. Mwenye akili hupima kwenda na kurudi kama safari moja.

Kila mwaka taasisi ya utafiti ya wasafirishaji wa Marekani hutangaza wastani wa gharama hii; kwa mwaka 2023 ulikuwa takribani dola 2.27 kwa maili. Ni kipimo kizuri cha hali ya sekta, lakini si cha kuazima. Unatokana na makampuni yanayonunua mafuta na matairi kwa jumla, na mwenye lori moja lililokwisha kulipiwa mkopo anaweza kuwa chini yake au juu yake kwa mbali.

Kwa njia zetu, kubadili maili kuwa kilomita hakutoshi. Lori la kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi linaweza kukaa siku kadhaa kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma na tena wa Kasumbalesa, na siku hizo hazisongezi odometa. Katika mfano wetu, gharama za kudumu za dola 4,500 ni dola 150 kwa siku; siku nne za foleni ni dola 600 ambazo hesabu ya kilomita haizioni. Hapa gharama za mwendo zigawanywe kwa kilomita, za kudumu zigawanywe kwa siku, kisha zijumlishwe kwa safari nzima kabla ya kutaja nauli.