Kutoka Kiboko Hadi Kifungo: Historia ya Utoro wa Jeshi Kaskazini Mashariki

Utoro wa jeshi ni makosa mawili ambayo raia wengi huyachukulia kuwa moja. La kwanza ni kukosekana kazini bila ruhusa. Askari amemaliza likizo asirejee siku aliyopangiwa, au jina lake limeitwa kwenye gwaride la asubuhi na hakuna aliyeitika. La pili ni kutoroka jeshi, yaani kuondoka kwa nia ya kutorudi tena, au kujificha ili kukwepa vita. Kwa macho mtu huona kitu kimoja tu, kitanda kitupu kambini. Kinachoyatenganisha makosa hayo ni nia, na kwa sababu ya nia hiyo mmoja atakatwa mshahara wa siku chache na mwenzake atafungwa kwa miaka mingi.

Katika eneo la Garissa, kutoka mjini kuteremka na Mto Tana kupitia Bura hadi Kotile na Masalani, kisha mashariki hadi Hulugho na mpaka wa Somalia, majeshi yamepita na kupiga kambi kwa zaidi ya miaka 100. Mpaka uko karibu, barabara ni mbovu, na jamaa za mtu mmoja huenda wakaishi pande zote mbili za mpaka huo. Hayo yote yameufanya utoro wa huku uwe na historia yake.

Jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambalo wenyeji walilijua zaidi kwa herufi zake KAR, liliundwa mwaka 1902. Adhabu iliyozoeleka ndani yake ilikuwa kiboko. Askari aliyetoroka akakamatwa alichapwa mbele ya wenzake waliopangwa mistari, kisha akafungwa au akanyimwa mshahara. Maofisa wa Kiingereza waliitetea adhabu hiyo kwa miaka mingi wakidai kwamba Mwafrika haelewi nyingine. Dai hilo halikuwa na msingi wowote, maana katika jeshi la Uingereza kwenyewe kuchapwa kulikuwa kumekomeshwa tangu karne ya 19. Huku kwetu viboko viliendelea hadi mwaka 1946.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyouleta utoro hadi majumbani mwa watu wasiokuwa askari. Jeshi la Uingereza lilipokuwa likimfukuza jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck kusini mwa Afrika Mashariki, mizigo yake ilibebwa vichwani. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu wapagazi wachukuliwe kwa nguvu, na mwaka 1917 ofisa wa kikoloni John Ainsworth akasimamia msako mkubwa wa vijana uliofika karibu kila wilaya iliyokuwa chini ya utawala. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Waliotoroka walihesabiwa wahalifu, wakatozwa faini, wakafungwa au wakachapwa. Ni vigumu kuuita utoro huo usaliti. Mtu aliyekamatwa shambani mwake na kufungwa kamba hakula kiapo cha kumtumikia yeyote. Wagiriama wa Pwani walikuwa wameshalikataa jambo hilo mwaka 1914, na madai ya wapagazi yalikuwa miongoni mwa sababu zilizowasha vita vyao na serikali.

Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojumuisha Garissa na kujulikana kwa kifupi kama NFD, ilisalimika kwa kiasi kikubwa na msako huo kwa sababu serikali haikuwa na nguvu ya kutosha huko. Wafugaji waliweza kuhamisha mifugo na manyatta yao kwa usiku mmoja, na ofisa aliyekuja na daftari la majina akakuta majivu ya moto uliozimwa.

Miaka 20 baadaye watoro walianza kuingia NFD badala ya kutoka. Italia iliivamia Ethiopia mwezi Oktoba 1935, na upande wa kusini Jenerali Rodolfo Graziani alikuwa na vikosi vya Waeritrea walioandikishwa na wakoloni wao Waitalia. Mwaka 1936 mamia ya askari hao walilihama jeshi la Italia wakiwa na bunduki zao, wakajiunga na wapiganaji wa Ras Desta, kamanda wa Kiethiopia wa upande huo. Upande wa Ethiopia ulipozidiwa, wakavuka mpaka na kuingia Kenya. Kwa sheria ya Italia walistahili kupigwa risasi. Kwa Mwethiopia walikuwa ndugu waliorudi nyumbani. Waingereza, ambao wakati huo hawakutaka ugomvi na Roma lakini pia hawakuwa tayari kuwarudisha watu kwenda kuuawa, waliwaweka kizuizini Isiolo pamoja na maelfu ya wakimbizi wa Kiethiopia, na baadaye wakawahamishia Taveta.

Hali yao ilibadilika tarehe 10 Juni 1940, Italia ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza. Watu waliokuwa wakilindwa nyuma ya seng'enge sasa walihitajika. Kikosi cha pili cha Waethiopia kiliundwa kutokana na wakimbizi waliokuwa Kenya, kikapelekwa Sudan, kisha kikapigana Gojjam chini ya ofisa wa Kiingereza Orde Wingate katika safari iliyomrudisha Mfalme Haile Selassie kwenye kiti chake.

Garissa yenyewe ikawa mlango wa vita. Jenerali wa Kiingereza Alan Cunningham alikusanya majeshi yake kando ya Tana, na mwezi Februari 1941 yakasonga mbele kuelekea Mto Juba. Kismayu ilichukuliwa tarehe 14, Mogadishu tarehe 25. Mwendo huo wa kasi haukuletwa na nguvu za washambuliaji peke yao. Vikosi vya kikoloni vya Italia kwenye Juba viliyeyuka. Askari wengi wa Kisomali walivua sare, wakarudi kwenye ngamia na mashamba yao, na hapakuwa na aliyebaki na uwezo wa kuwaita mbele ya mahakama, kwa kuwa serikali iliyowaandikisha ilikuwa ikianguka siku zile zile. Adhabu ya utoro huhitaji dola iliyosimama.

Upande wa Uingereza nao ulipata misukosuko yake. Mwaka 1944 askari wa Somaliland Camel Corps, kikosi cha kikoloni cha Waingereza, waliasi huko Burao baada ya uvumi kuenea kwamba wangepelekwa ng'ambo kupigana. Wakuu waliamua kukivunja kikosi kizima. Hivyo hata askari ambaye hakuwa na hatia alipoteza kazi.

Baada ya vita, Uingereza ilitunga sheria mpya ya jeshi mwaka 1955. Ilikuwa imefuta adhabu ya kifo kwa utoro tangu mwaka 1930, baada ya aibu ya kuwaua kwa risasi askari wake 266 kwa kosa hilo katika Vita Kuu ya Kwanza. Sheria ya 1955 iliweka kifungo kisichozidi miaka 2 kwa kukosekana bila ruhusa, na kwa utoro ikaruhusu adhabu kali zaidi. Kenya huru ilirithi mpango huo, na mwaka 1968 ikatunga Sheria ya Majeshi, Sura ya 199, iliyofuata njia ileile.

Mazingira ya kuitumia sheria yalikuwa tofauti kabisa. Mwezi Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki na vita vya shifta, waasi waliotaka mkoa huo ujiunge na Somalia, vikaanza. Wasomali wa Kenya waliokuwa jeshini na katika polisi walijikuta wakitazamwa kwa shaka na pande zote mbili, na kuchelewa likizo kwa mmoja wao kungeweza kufasiriwa kwamba ameingia msituni. Januari 24, 1964, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi Lanet, karibu na Nakuru. Walifikishwa mahakama ya kijeshi, wengine wakafungwa, na kikosi chenyewe kikavunjwa. Vita vya shifta vilimalizika kwa makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 chini ya usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, lakini hali ya hatari iliendelea mkoani kwa miaka mingi, na shaka ile haikuondoka upesi.

Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga walipojaribu kuipindua serikali, aliyeongoza kazi ya kuwazima alikuwa Mahmoud Mohamed, ofisa Msomali wa kutoka Garissa, ambaye baadaye akawa Mkuu wa Majeshi. Viongozi wa jaribio hilo, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, walitorokea Tanzania kwa ndege. Walirudishwa Kenya na kunyongwa mwaka 1987, kwa uhaini na si kwa utoro. Jeshi la Anga lilivunjwa. Wapo walioachishwa kazi, kuzuiliwa na kuteswa bila kuthibitishwa kuwa walishiriki lolote, na baadhi yao mahakama ziliwapa fidia miongo mingi baadaye.

Sheria inayotumika leo ni Sheria ya Vikosi vya Ulinzi vya Kenya, namba 25 ya 2012. Ilitungwa chini ya Katiba ya 2010, ambayo inaitambua mahakama ya kijeshi kuwa mahakama ya chini na kumpa aliyehukumiwa njia ya kukata rufaa Mahakama Kuu. Kesi husimamiwa na mwanasheria anayeteuliwa na Jaji Mkuu, akiwa pamoja na maofisa wa jeshi. Makosa madogo humalizwa na mkuu wa kikosi mwenyewe. Askari husimama mbele yake bila kofia, husomewa kosa na kujieleza, na uamuzi hutolewa palepale.

Hapo ndipo sababu za kuchelewa hupata nafasi yake. Askari aliye kwenye operesheni ya msitu wa Boni, iliyoanza Septemba 2015 katika Garissa, Lamu na Tana River, huenda ana safari ya siku mbili kabla ya kufika kwao Kitale au Nyeri. Novemba 2023 mvua za El Niño zilikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi karibu na Madogo, na magari yakakwama siku nyingi. Aliyekwama Madogo na akapiga simu kambini ana utetezi. Aliyezima simu hana. Ujumbe alioutuma, cheti cha hospitali, barua ya chifu kuhusu msiba, tiketi ya basi lililoahirishwa, vyote huwekwa mezani kuonyesha kwamba nia ya kurudi ilikuwepo.

Upande wa pili, kuna mambo yanayoonyesha nia ya kutorudi: kuacha sare na kitambulisho cha jeshi, kupata pasipoti, kuajiriwa kwingine. Kesi iliyotikisa jeshi zaidi ilisikilizwa Mombasa mwaka 2014. Wanamaji zaidi ya 20 waliokuwa wameondoka miaka ya nyuma na kwenda kufanya kazi ya ulinzi kwa kampuni za Kimarekani katika Mashariki ya Kati walihukumiwa kifungo cha maisha kwa utoro. Walijitetea kwamba walikuwa wameomba kuacha kazi. Rufaa ilipofika Mahakama Kuu, vifungo vya maisha viliondolewa. Hukumu ya kwanza ilikuwa nzito kupita kiasi kwa watu waliofuata mshahara bora bila kumwacha mwenzao yeyote mbele ya adui.

Sheria huwa kali zaidi pale adui alipo karibu. Kambi ya jeshi la Kenya ya El Adde, huko Gedo nchini Somalia, ilishambuliwa Januari 15, 2016, na ile ya Kulbiyow, ng'ambo ya mpaka kutoka Hulugho, Januari 27, 2017. Askari aliyenusurika vichakani baada ya kambi yake kuzidiwa, akatembea kuwatafuta wenzake, hakutoroka. Aliyeondoka kabla ya shambulio ili asiwepo, hata kama alitembea njia ileile, ana kesi ya kujibu.

Gharama ya utoro hulipwa pia na familia. Mshahara husimama tangu siku ya kukosekana. Askari akifukuzwa kwa aibu, miaka yake ya utumishi huenda isimpe kiinua mgongo wala pensheni. Polisi wa kiraia wanaweza kumkamata popote na kumkabidhi kwa jeshi, na kama kesi ya wanamaji ilivyoonyesha, miaka kupita hakumwondolei kosa. Anayejisalimisha mwenyewe, kwenye kambi au kituo cha polisi kilicho karibu, kwa kawaida hupata nafuu kuliko anayekamatwa, kwa sababu kurudi kwa hiari ni ushahidi juu ya nia, na upande wa mashtaka lazima uuvunje kabla ya kumtia mtu hatiani kwa kosa lile zito.