Lala Belu (albamu)

Lala Belu ni albamu ya Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Ethiopia, iliyotolewa Februari 2018 na kampuni ya Awesome Tapes From Africa. Ina nyimbo sita, nyingine za jadi na nyingine alizotunga mwenyewe. Wapigaji ni watatu tu: Mergia kwenye vinanda na akodiani, Mike Majkowski kwenye besi, na Tony Buck kwenye dramu. Majkowski na Buck ni Waaustralia waishio Berlin.

Sikio lililozoea bendi za Tanzania kama Morogoro Jazz au Tabora Jazz halitapata hapa magitaa yanayojibizana. Kinanda ndicho kinachobeba wimbo, na hakina haraka.

Mergia alizaliwa 1946, akapata jina miaka ya 1970 na Walias Band, waliokuwa wakipiga katika hoteli ya Hilton mjini Addis Ababa. Wakati huo utawala wa kijeshi wa Derg ulikataza watu kutoka usiku, hivyo muziki ukianza, bendi na wateja walikesha humo hadi asubuhi. Mwaka 1981 bendi ilizuru Marekani, naye akabaki huko. Mwaka 1985 alirekodi kaseti peke yake, na miaka ya 1990 akaacha majukwaa, akawa dereva wa teksi katika uwanja wa ndege wa Dulles, karibu na Washington.

Kupiga hakuacha. Kinanda cha betri kilikaa kwenye buti. Akishamshusha abiria, alikitoa akafanya mazoezi garini huku akisubiri mwingine. Brian Shimkovitz, mwenye Awesome Tapes, aliikuta ile kaseti Bahir Dar na kuitoa upya 2013. Mergia akarudi jukwaani.

Uzuri wa albamu hii uko katika kujizuia. "Tizita", wa dakika kumi hivi, unaanza na akodiani taratibu kabla dramu hazijachangamka. Jina lake ni la mmojawapo wa mifumo minne mikuu ya noti tano katika muziki wa Ethiopia, na "Anchihoye Lene" umetoka katika mfumo mwingine. Wimbo wa mwisho, "Yefikir Engurguro", ni piano peke yake. Ndio bora kuliko yote: mzee aliyepita miaka 70 anapiga noti chache, na kila moja ina kazi yake.

Mwaka 2020 ikafuata Yene Mircha, kwa kampuni ileile.