Uzi: Mheshimiwa akija kutoa ripoti ya bajeti, tumuulize nini?

1. Watu wa Kisii na Nyamira, uzi huu ni wenu. Ni mrefu kidogo, kwa hivyo mwenye chai aisogeze karibu. Kila mwaka mnaona mabango na video za mheshimiwa "akitoa ripoti kwa wananchi". Barabara hii nimewaletea, zahanati ile nimewajengea, basari nimegawa. Halafu chini yake vita vinaanza: huyu amechapa kazi, yule amelala. Sitataja mtu wala chama. Nataka tuangalie hiyo ripoti yenyewe imetoka wapi.

2. Hoja yangu ni moja. Kwa karibu miaka mia, Gusii imezoezwa kusikiliza taarifa ya miradi, lakini kudai hesabu ya pesa hatujazoezwa. Hivi ni vitu viwili. Kwenye taarifa, mwenye kipaza sauti ndiye anachagua cha kusema. Kwenye hesabu, anayeuliza ndiye anachagua cha kujibiwa. Tukichanganya hivi viwili, tutapiga makofi miaka mitano kisha tushangae pesa ilienda wapi.

3. Tuanze mwanzo. Majeshi ya Waingereza yalivamia Gusii 1905, na tena 1908 baada ya afisa wao kuchomwa mkuki. Kodi ya vibanda ikashika kasi. Hakuna mzee wa huku aliyeulizwa kodi iwe kiasi gani, na hakuna aliyerudi kumwambia imefanya nini. Chifu aliita baraza, akasoma amri, watu wakaenda nyumbani. Mdomo mmoja, masikio mengi. Kumbukeni hiyo picha, bado tuko nayo.

4. Mwaka 1924 sheria ilibadilishwa, na kuanzia 1925 wilaya zikapata mabaraza ya wenyeji. Wilaya yetu ilikuwa Kavirondo Kusini, makao makuu Kisii, na ndani yake waliishi Abagusii, Wajaluo na Wakuria. Baraza la wenyeji liliweza kutoza ushuru wake juu ya kodi ya serikali, na pesa hiyo ikaenda kwa shule, zahanati na barabara. Kwa hivyo bajeti ya wenyeji si kitu kilichozaliwa 2013. Ni ya zamani kuliko babu za wengi wenu hapa.

5. Shida ilikuwa nani ameshika kalamu. Mwenyekiti wa baraza alikuwa DC, na maamuzi yalihitaji kuidhinishwa juu yake. Mjumbe aliporudi kijijini aliweza kusema baraza limeomba nini. Hakuweza kusema "sisi ndio tumeamua, tuulizeni sisi". Mwenye pesa alikuwa hajibu kwa mwenye kijiji, na mwenye kujibu kwa kijiji alikuwa hana pesa.

6. Mambo yakasonga. Miaka ya 1930 Gusii, pamoja na Meru na Embu, iliruhusiwa kulima kahawa, zao ambalo Mwafrika alikuwa amezuiwa kulima. Pesa ikaingia mashambani. Mwaka 1950 mabaraza yale yakapewa sheria mpya na mamlaka zaidi. Uhuru ulipofika, Baraza la Kaunti ya Gusii lilikuwa na kazi kubwa tatu: shule za msingi, afya na barabara. Barabara ikiharibika, ulijua diwani wa kumshika koti.

7. Halafu ikaja tarehe ambayo haifundishwi sana shuleni: 1 Januari 1970. Kwa sheria iliyopitishwa 1969, serikali kuu ilichukua kazi zote tatu kutoka kwa mabaraza ya kaunti, pamoja na kodi ya kichwa iliyokuwa ikizigharamia. Ni manispaa chache tu zilizoachwa. Diwani akabaki na soko, kichinjio na vibali. Kiti alikuwa nacho, mfuko ukawa mtupu.

8. Nafikiri hapo ndipo swali letu liliharibika. Wazazi walitaka shule, wakazijenga kwa harambee. Mbunge akaja na bahasha, jina lake likasomwa, makofi yakapigwa. Polepole mpiga kura akaacha kuuliza "ulipitisha nini bungeni?" akaanza kuuliza "ulileta ngapi?" Na mtu anayetoa mfukoni mwake huwezi kumdai risiti. Unamshukuru, basi.

9. Mwaka 1983 serikali ikasema mipango ya maendeleo itafanywa wilayani. Vizuri. Mwenyekiti wa kamati ya wilaya? DC. Karibu miaka 60 baada ya 1925, kalamu ilikuwa mkononi mwa ofisi ileile, ngozi tu ndiyo ilibadilika.

10. Kisha pesa ikaanza kurudi kwa sheria. Sheria ya 1998 iliyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato. Mwaka 2003 ikaja CDF: angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa maeneo bunge. Gusii wakati huo ilikuwa na maeneo bunge 10, leo ni 13. Madarasa yalijengwa, hakuna haja ya kubisha. Lakini mbunge aliyepaswa kuchunguza matumizi ndiye aliyeteua kamati ya kutumia. Na mabango yakaandikwa jina lake, kana kwamba ni ile bahasha ya harambee. Pesa ya kodi yetu ikavaa nguo za zawadi.

11. Mahakama zimeligusa jambo hili zaidi ya mara moja. Mahakama Kuu 2015, kisha Mahakama ya Juu Agosti 2022, zilisema sheria ya CDF ya 2013 inakiuka Katiba. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyohivyo kuhusu ile ya 2015, na kuipa hadi 30 Juni 2026. Mabishano ya mawakili ni marefu, ila kiini chake mtu yeyote anakielewa: anayepitisha pesa na kuikagua asiwe yeye tena wa kuitumia. Refa hapigi penalti.

12. Sasa tuje kwa kaunti. Kisii ina wadi 45, Nyamira 20. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Mwaka wa fedha 2021/22, mgao wa kaunti kutoka serikali kuu ulikuwa takriban shilingi bilioni 8.9 kwa Kisii na bilioni 5.1 kwa Nyamira. Hiyo ndiyo pesa ambayo mheshimiwa wa wadi yako anaipigia kura. Na hakuna DC anayekaa kwa kiti cha mbele.

13. Je, sheria inamtaka MCA afanye nini? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, iko wazi. Akae karibu na wapiga kura na kushauriana nao. Apeleke maoni yao bungeni. Ahudhurie vikao. Halafu inaongeza: asijihusishe, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, na kazi za utekelezaji wala utoaji wa huduma. Someni hiyo tena. Mheshimiwa anayesimama pale Suneka au Ekerenyo na kusema "nimejenga", anajisifu kwa kazi ambayo sheria imemkataza kufanya, na kunyamaza kuhusu ile aliyoajiriwa kufanya.

14. Kazi aliyoajiriwa ina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Yanapitishwa kufikia 30 Juni. Kuna vipimo pia: angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ripoti isiyotaja hata kimoja kati ya hivi si ripoti ya bajeti.

15. Na sheria mpya? Hapa ndipo mama wa ndizi na kijana wa bodaboda wanaguswa. Katiba, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi wala ada ya leseni bila sheria. Ushuru wa soko la Daraja Mbili, ada ya maegesho, leseni ya duka, vyote vinapangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, inayopigiwa kura na MCA. Waulizeni wafanyabiashara wa Keroka, mji ulio mpakani, ambako kaunti zote mbili zimewahi kuvutana nani akusanye. Sheria inapitishwa kimya kimya, risiti inakuja kwa kelele.

16. Najua kuna mtu anasema: "Wewe unaongea Katiba, mimi mtoto amefukuzwa karo." Ni kweli, na sikucheki. Basari imeokoa watoto wengi huku kwetu. Lakini basari hiyo imetoka kwa bajeti, na bajeti ina orodha, vigezo na mwisho. Kama ni ya umma, orodha ya waliopata iwe ya umma. Kama inagawiwa kwa kunong'onezana, tumerudi kwa bahasha, na asiye na mjomba ndani anabaki nje.

17. Mfano ambao kila mtu ameuona: zahanati ya bati mpya, rangi safi, kufuli mlangoni. Jengo ni pesa ya maendeleo. Muuguzi, dawa na stima ni matumizi ya kawaida. Viko sehemu mbili tofauti za bajeti. Mheshimiwa anaweza kupiga picha na jengo, hawezi kupiga picha na mstari wa mshahara wa muuguzi ambao haukuwekwa. Kwa hivyo ripoti ya picha itakuonyesha jengo daima. Mama mwenye uchungu usiku haendi kujifungua kwa jengo.

18. Nimekaa kwenye vikao kadhaa vya maoni ya umma, sitasema vya kaunti gani. Tangazo linatoka siku chache kabla, makaratasi ni mengi na ni ya Kiingereza, soda zinagawiwa, saa nane tumemaliza. Mzee mmoja aliuliza "hiki kitabu nikisome lini?" watu wakacheka. Swali lake lilikuwa ndilo la maana kuliko yote siku hiyo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti lifanye kazi kwa uwazi na kushirikisha umma. Kukaa tu ukumbini si kushirikishwa.

19. Kwa hivyo mheshimiwa wako akija na ripoti, msikilize kwa heshima, kisha muulize haya:
– Bajeti ya mwaka huu uliipigia kura ya ndiyo au ya hapana, na kwa nini?
– Ni ada gani mpya tumetozwa kwenye Sheria ya Fedha, na sisi wa wadi hii tulisema nini?
– Mradi wa mwaka jana ulitengewa ngapi, umetumia ngapi, na mkandarasi amelipwa?
– Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema nini kuhusu kaunti yetu, na bunge lenu lilichukua hatua gani?
– Ni mswada gani umeuleta wewe mwenyewe, au hoja gani umesimama ukaitetea?

20. Akikosa jibu leo, si kosa kubwa. Mwambie arudi nalo. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu huchapishwa, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba stakabadhi kutoka ofisi ya umma. Huhitaji kuwa wakili. Watu kumi wa wadi moja wakiuliza swali lilelile mwaka mzima, mheshimiwa ataanza kuja na karatasi badala ya picha.

21. Babu zetu walilipa kodi wakaambiwa warudi nyumbani. Baba zetu walichangia harambee wakaambiwa washukuru. Sisi tuna sheria inayosema tuulize. Tusipoitumia, hatuwezi kumlaumu mkoloni tena. Mwenye swali kuhusu hatua yoyote ya bajeti aliweke hapa, nitajibu ninachojua. Na tafadhali msitaje majina, tutaje mistari ya bajeti.