Ngome ya Siyu

Kisiwa cha Pate, Lamu. Karne ya 19.

Kuta zilizo mbele yako ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Zinatazama mkono wa bahari wenye mikoko na maji haba, ambao vyombo huingia maji yakijaa tu. Kina hicho kifupi kiliwasaidia sana Wasiyu, maana mji wao ulikuwa ukingoni mwa dola ya Zanzibar na ulikataa kuitii.

Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alituma majeshi. Mwaka 1845 watu wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, waliyashinda, na jemadari wa majeshi hayo, Hamad bin Ahmed, akauawa. Mwana wa Said, Sultani Majid, ndiye aliyeitiisha Siyu mwaka 1863. Muhammad, mwana wa Mataka, alifia kifungoni Ngome ya Yesu, Mombasa.

Wasiyu hao hao walikuwa mafundi mashuhuri: walishona viatu vya ngozi, walifua panga, na walinakili misahafu kwa mkono, kurasa zikipambwa kwa wino mwekundu na mweusi.

Ngome inatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tafadhali usipande kutani.